Kitanzi cha Vidole Sita

Nilitumwa spana namba kumi na tatu, nikaibuka na ukanda wa sufu.

Ulikuwa umekunjwa vizuri chini kabisa ya mkoba wa zana, ndani ya karatasi safi, kama kitu kilichofichwa na mtu asiyezoea kuficha. Rangi yake ilikuwa ya biringanya. Katikati ulipita uti mwembamba wa kroshia, na kila upande wa uti vitanzi virefu vilijipanga kama meno ya kitana. Mtu mwingine angeona pambo tu. Mimi ninayekula kwa kazi hiyo niliona uma.

Kazi ya namna hiyo haifumwi kwa sindano peke yake. Huhitaji uma, yaani nondo mbili nyembamba zinazosimama sambamba, zimeshikwa juu na chini kwa vipande vya mbao. Unazungusha uzi, unafunga fundo katikati kwa sindano ya kroshia, unageuza uma, unazungusha tena. Upana wa uma ndio upana wa kitanzi. Na katika mji wetu uma huo hauuzwi dukani. Wangu nilitengenezewa na Taratibu mwenyewe kwa spoku mbili za baiskeli, kabla hajathubutu hata kuniambia kwamba ananipenda. Una upana wa vidole vinne.

Niliuweka ukanda ule juu ya kiganja, nikaupima. Vidole sita.

"Umeipata?" aliuliza Taratibu bila kugeuka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya baiskeli iliyopinduliwa, akilinyoosha gurudumu. Jina hilo la Taratibu alipewa na wateja wake, kwa sababu kila aliyemharakisha alijibiwa, "Taratibu, utafika."

"Nimepata. Ila si spana."

Aligeuka. Gurudumu liliendelea kuzunguka nyuma yake, tik-tik-tik, hakuna aliyelisimamisha.

"Hiki ni nini?" nikauliza.

"Ni kazi ya mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

Hajui kusema uongo mwanamume huyu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyonifanya nimpende, na siku hiyo nilitamani kwamba angejua.

"Umemtengenezea uma."

"Nimemtengenezea."

"Na hukuniambia."

"Aliomba nisiseme." Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kana kwamba kila kidole kilikuwa na kesi yake. "Nakuomba uurudishe pale ulipoutoa. Na unipe muda mpaka Jumamosi. Nakuomba, mpenzi."

Hiyo Jumamosi ndiyo iliyokuwa mzigo wangu. Ilikuwa Jumanne. Siku nne mbele, wajomba zake wangefika nyumbani kwetu kwa mara ya tatu kusikiliza jibu la posa. Mara mbili Mama alikuwa amewarudisha. Mara ya kwanza alisema fundi baiskeli huja mezani na grisi kwenye kucha. Mara ya pili alisema mtu anayechukua siku mbili kuziba pancha atachukua miaka kumi kujenga nyumba. Mara ya tatu, tulijua sote, ingekuwa ya mwisho. Nami nilikuwa nimepigana na mama yangu mzazi miezi saba kwa ajili ya mtu huyu, nikilia kwenye mto, nikiacha chakula mezani.

Niliurudisha ukanda mkobani. Lakini kabla ya kuurudisha niliukata kipande cha urefu wa shibiri kwa makasi yangu, nikakiingiza mfukoni. Sijivunii jambo hilo. Ninaliandika kwa sababu lilitokea.

*

Katika chumba cha kufumia tulikuwa wanawake watano, lakini niliyekaa naye dirisha moja alikuwa Mama Pacha. Jicho lake lilikuwa kali kwa nyuzi na kali zaidi kwa mambo ya watu. Nilipomwonyesha kipande kile siku iliyofuata, alivaa miwani, akakinyoosha gotini, akakisoma kama barua.

"Mwenye mkono huu ni mbichi," alisema. "Tazama. Kitanzi hiki kimelegea, hiki kimebana, hiki kimelegea tena. Na uti umehama katikati, unayumba kama mlevi. Huyu hajamaliza hata mwezi tangu ashike uma."

"Msichana, basi."

"Msichana mdogo. Mwenye macho mazuri na mkono usiojua kitu. Wanaume wanawapenda hao, wanapata la kuwafundisha." Aliniangalia juu ya miwani. "Samahani, mdogo wangu. Mdomo umenitoroka."

"Endelea. Nimekuja usome, si unibembeleze."

Alikigeuza kipande nyuma. Hapo akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Uma umegeuzwa kuelekea kushoto," alisema hatimaye.

"Nimeona."

"Humu ndani ni wewe peke yako unayegeuza kushoto. Sisi wote kulia."

"Nimeona, nimesema."

"Sasa huyo msichana kajifunza wapi kugeuza kama wewe?"

Jibu nilikuwa nimelala nalo. Jioni ngapi Taratibu alikuwa ameketi karibu yangu kwenye ngazi ya kibanda chake, akitazama mikono yangu? Nilidhani ananitazama mimi. Kumbe alikuwa akijifunza, akaenda kumfundisha mwingine. Nilimwona akilini mwangu, ameketi nyuma ya msichana huyo, vidole vyake vizito juu ya vidole vyembamba vya msichana, akisema kwa ile sauti aliyoniwekea mimi, ile ya chini: taratibu, utafika.

Nilikinusa kipande. Kilinuka mpira wa tyubu. Kilinuka yeye.

"Nilikuwa nimeapa kutokusema hili," alisema Mama Pacha, na aliposema hivyo nilijua kwamba ameshawaambia watu watatu. "Muuza vitumbua wa kona ile anasema kuna mwanamke huingia kibandani kwa mlango wa nyuma. Saa nne asubuhi, sisi tukiwa huku kazini. Amejifunika shuka mpaka puani. Anakaa saa mbili, anatoka."

"Kila siku?"

"Jumapili anapumzika. Ana adabu."

Siku hiyo nilifuma mistari kumi na miwili, nikafumua kumi na minne.

*

Mama alikuwa barazani niliporudi nyumbani Alhamisi jioni. Aliketi kama kawaida yake ya siku hizo, mikono imefichwa chini ya shali, macho barabarani. Yeye ndiye aliyenifundisha uma nilipokuwa na miaka tisa. Katika ujana wake watu walipima kitanzi chake cha kwanza na cha mia wakakuta ni mapacha. Lakini mwaka mmoja na nusu uliopita alifunga sindano zake zote kwenye kopo la maziwa akasema amechoka na nyuzi. Nilimwamini. Mtu huchoka.

"Umenuna tangu juzi," alisema.

"Sijanuna."

"Hata paka ameona, amehamia kwa jirani. Kuna nini?"

Nilikuwa nimejiapiza nisimwambie. Angefurahi mno. Lakini mtoto akikaa karibu na mama yake, hata awe na miaka ishirini na minane, kifua hufunguka chenyewe. Nilimwambia yote: ukanda, vidole sita, mlango wa nyuma. Nikamalizia hivi.

"Waambie wajomba zake wasije, Mama. Umeshinda."

Nilisubiri amsifu Mungu. Hakumsifu. Aliutazama ua wa nyumba kana kwamba umehamishwa mahali.

"Umemwuliza mwenyewe?"

"Nimemwuliza. Amesema ni kazi ya mtu, na ameombwa asiseme."

"Na hakusema?"

"Hakusema."

"Hata ulipokasirika?"

"Mama, mbona unauliza kama polisi? Hakusema! Hata ningelia damu asingesema!"

"Hm," alisema Mama, na ncha ya mdomo wake ikacheza. "Basi ni mtu wa kutunza neno."

Miezi saba mwanamke huyu hakumwita Taratibu kwa jina lolote ila "huyo wa magurudumu." Leo nimemletea kosa lake kwenye sinia, naye anamsifu.

"Mama, kuna jambo unalijua?"

"Mimi? Najua nini mimi? Nashinda kwa rafiki yangu mgonjwa, narudi, nalala." Aliinuka upesi kuliko ilivyohitajika. "Wageni watakuja Jumamosi kama ilivyopangwa. Nilisema nitajibu Jumamosi, nitajibu Jumamosi. Kula, ulale."

Nilikula, lakini usingizi ulinikataa. Sasa nilikuwa na mashaka juu ya watu wawili.

*

Ijumaa saa nne na robo niliweka sindano mezani, nikamwambia Mama Pacha kwamba kichwa kinaniuma. "Nenda," alisema, "na kikizidi kuuma, urudi unisimulie."

Sikupita mbele ya kibanda. Nilipita uchochoro wa nyuma, hatua ndogo ndogo. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani nilisikia sauti ya Taratibu, na sauti nyingine ya chini, ya kike, kisha kicheko kifupi. Kicheko hicho ndicho kilichonimaliza. Nilikanyaga kopo tupu. Likalia.

Ndani, kiti kiliburutwa. Miguu ilikimbia. Niliposukuma mlango, chumba kilikuwa na kiti kimoja tu chenye mto, na pazia la upande wa mbele lilikuwa bado linapunga. Niliuwekea mto kiganja changu. Ulikuwa na joto.

Taratibu alisimama katikati, mikono wazi, kama mtu anayezuia maji.

"Yuko wapi?"

"Ametoka."

"Ni nani?"

"Siwezi."

"Huwezi nini? Huwezi kumtaja, au huwezi kumwacha?"

"Nimempa neno langu."

"Na mimi ulinipa nini? Mimi uliponiambia unanitaka, ulinipa nini, spoku mbili?"

Maneno hayo yalimwingia. Niliona. Macho yake yaliyopoa daima yalijaa maji, lakini hakuyaondoa usoni mwangu.

"Nikimvunjia huyo neno," alisema, akitafuta kila neno kama anavyotafuta tundu kwenye tyubu, "sitastahili kukuoa. Nisipokuambia, labda hutataka kunioa. Nimeyapima yote mawili wiki nzima. Sina la tatu."

"Hayo ni mafumbo."

"Ni kweli tupu. Kesho utajua."

"Kesho sitakuwepo!"

Hapo niliiona. Ilikuwa imeanguka nyuma ya kiti pamoja na makasi: skafu nzima, rangi ya biringanya. Kanda tatu zilikuwa zimeunganishwa kwa kupitisha vitanzi vitatu ndani ya vitatu, kama msuko wa nywele, na kuzunguka pande zote nne kulikuwa na pindo la mapambo, makombe, yaani nusu duara ndogo ndogo za uzi zilizofuatana. Ilikwisha asubuhi hiyo hiyo. Niliinyakua.

"Usiiguse," alisema Taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema haraka. "Kwa chochote unachokipenda, usiiguse hiyo."

Nani angeweza kuyasikia maneno kama hayo asiiguse? Nilimwangalia usoni, nikauvuta uzi wa mwisho. Kombe la kwanza lilifumuka, la pili, la tatu, trr, trr, trr, kama mvua ndogo juu ya bati. Yeye hakuninyang'anya. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayetazama mtoto wake akichomwa sindano.

Mkono wangu ulisimama wenyewe.

Nilikuwa nimeupataje uzi huo?

Mfumaji akimaliza pindo hukata uzi na kuuficha, na kila mmoja ana maficho yake. Anayetaka kuufumua mkono wa mwingine hukaa nusu saa akitafuta. Mimi huuficha kwenye pembe, kwa uvivu. Mtu aliyejifunza kwa kunitazama mimi angeuficha kwenye pembe. Lakini uzi huu ulikuwa chini ya kombe la nne, umerudishwa mara tatu ndani ya uti, na vidole vyangu vilikwenda huko moja kwa moja huku macho yangu yakimtazama Taratibu. Kuna mtu mmoja tu duniani aliyewahi kunipiga kofi mkononi kwa ajili ya pembe. *Chini ya la nne, mara tatu, we mtoto! Kazi ikikwisha isionyeshe ilikokwishia.*

Niliitazama skafu upya. Uma uligeuzwa kushoto, ndiyo, maana mimi nami nilifundishwa na nani? Vitanzi vililegea, vikabana, vikalegea. Hapakuwa na msichana. Mkono ule haukuwa mbichi. Ulikuwa mkono mkuu uliokuwa ukishindwa.

"Mikono yake," nilisema. "Mikono yake ina nini?"

Taratibu aligeuka. Alifungua droo, akanipa uma. Nondo zake zilikuwa nene, zimevishwa mpira wa tyubu kutoka juu hadi chini ili zisiteleze, na ubavuni kulikuwa na kitanzi cha ngozi cha kupitisha kiganja. Uma wa mtu asiyeweza kukunja vidole.

*

Nilimkuta Mama barazani, ameketi kana kwamba ameketi tangu alfajiri. Alikuwa na sinia mapajani na alikuwa akichambua mchele. Alikuwa anahema. Na sinia lilikuwa tupu.

"Umewahi kurudi," alisema.

"Na wewe umewahi, Mama. Umekimbia kweli kweli."

Alitazama skafu mikononi mwangu. Kisha alitazama sinia lake lisilo na punje hata moja, na bega likaanza kumtikisika. Alicheka, nami nikacheka, mpaka tukajikuta tunalia.

"Nionyeshe," nilisema.

Alitoa mikono chini ya shali. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo na kujikunja kama vya mtu aliyeshika kitu kisichoonekana.

"Asubuhi vinakufa ganzi," alisema. "Saa nne vinaamka kidogo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungejua, ungesema huolewi mpaka nipone. Nami sitapona, mwanangu. Ungekaa hapa unanifungia vifungo mpaka umri ukuache." Alijifuta pua kwa mgongo wa kiganja. "Nilikwenda kule kibandani kumfukuza asikufuate tena. Nilipanga maneno njia nzima. Nilipofika nikataka kutoa leso kwenye mkoba, nikashindwa kuufungua. Aliona. Hakusema pole wala hakunihurumia. Aliufungua, akaendelea kunisikiliza nikimtukana mpaka nikamaliza. Siku tatu baadaye akanipitishia uma ule wa mpira. Akasema, 'Mama, jaribu. Taratibu.'"

"Ukamwapisha."

"Nikamwapisha. Nilitaka kujibu kwa mkono wangu mwenyewe, angalau mara moja ya mwisho. Nilitaka wajomba zake wakiuliza, nisiseme kitu, nikuvike hiyo mabegani." Aliigusa skafu kwa kifundo cha kidole, akafika penye pindo lililofumuka. Alisimama hapo. "Haya matatu?"

"Ni mimi, Mama. Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Ulinisimulia jana, nikakaribia kujitia kidole mdomoni nisiseme." Alipumua. "Kwa leo vidole vyangu vimelala. Na kesho ndiyo kesho."

Nyuma yangu lango lililia kidogo. Taratibu alikuwa amesimama nje, ameishika baiskeli, hathubutu kuingia.

"Mwite," alisema Mama. "Amesimama pale kama mtu aliyekuja kudai pampu."

Alikuja. Kucha zake zilikuwa safi, zimesuguliwa mpaka nyekundu, nami nilitambua kwamba amezisugua hivyo kila asubuhi kwa mwezi mzima, ili asiitie doa sufu ya mama yangu. Nilitafuta maneno ya kumwomba msamaha, na yote yalikuwa madogo.

"Ulitaka kuniacha niondoke," nilimwambia.

"Ungeondoka ningekufuata. Nyuma yako, usiku kucha, mpaka Jumamosi." Alitazama chini. "Lakini Mama angejua nimesema, asingeushika uma tena."

"Nimekuita mwongo."

"Hukuniita."

"Moyoni."

"Ah. Moyoni sikusikia."

"Nisamehe."

Alinitazama, na katika macho yale bado kulikuwa na jeraha. Sikutarajia kwamba lingepona kwa neno moja. "Nitakusamehe," alisema. "Taratibu."

"Basi, majirani watatoa macho," alisema Mama. "Wewe, shika bonge la uzi. Na wewe, mwanangu, kaa hapa, uyafume hayo matatu. Sindano yako, mkono wako. Na vitanzi vyangu vilivyolegea usivisahihishe hata kimoja, nakuona unavyoviangalia."

Nilifuma makombe matatu, jua likiwa bado juu ya paa la jirani. Yalitoka sawasawa mno. Kando ya yale ya Mama yalionekana kama watoto waliovalishwa sare. Nilipofika mwisho nilikata uzi, nikausogeza kwenye pembe kwa mazoea, kisha nikajizuia. Mama alikuwa ananitazama.

Niliurudisha ndani ya uti mara moja, mara mbili, mara tatu, nikauficha chini ya kombe la nne.